Teremsha Boti, Usizamishe Gari

Simu ililia saa kumi na mbili jioni, maji yakiwa yanatoka. Mteja wangu alikuwa amenasa kwenye rampu: tairi za nyuma za gari ndani ya maji ya chumvi, ekzosi inatokota, na boti yake ya fiberi imelala kwenye trela kama iliyogundishwa. Kila akirudi nyuma hatua moja ili ielee, maji nayo yanamkimbia hatua moja. Tulimvuta kwa gari jingine, nikamwomba kesho yake alete trela karakana. Alinishangaa. Alidhani shida ni gari, au labda rampu. Shida ilikuwa kimo cha boti kutoka ardhini.

Trela nyingi za boti ninazozishika hapa Tanga ni za mtumba. Zimetengenezwa kubeba boti nyingine, mahali pengine, na zikifika hapa mtu huongeza vipande vya mbao na vyuma mpaka boti yake ikae. Ikishakaa, basi, kazi imeisha. Kukaa ni jambo moja, kushuka majini ni jingine.

Tufanye hesabu ya boti ile ya mteja, yenye mita 6. Ikiwa juu ya trela, mkuku wake upande wa tezi ulikuwa sentimita 60 kutoka ardhini, na boti yenyewe inahitaji maji ya sentimita 35 ili tezi ianze kuelea. Jumla sentimita 95. Kwenye rampu inayoshuka mita 1 kwa kila mita 10, ncha ya nyuma ya trela lazima iingie majini mita 9 na nusu. Kutoka ncha hiyo hadi tairi za nyuma za gari kulikuwa na mita 7. Kwa hiyo tairi zilikuwa mita 2 na nusu ndani ya maji, kina cha sentimita 25, na hapo habu na breki zinaanza kunywa chumvi. Sasa iteremshe boti kwenye trela kwa sentimita 15 tu. Ncha itaingia mita 8, gari litaingia mita 1, na kina kwenye tairi kitakuwa sentimita 10, yaani maji hayafiki hata kwenye rimu. Ufukweni, ambako mteremko ni mita 1 kwa kila mita 20, sentimita hizo 15 zinakuokolea mita 3 nzima za mchanga laini.

Hii ndiyo sababu huwa naanza na kimo kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Wengi huanza na winchi kubwa zaidi, au gari lenye nguvu zaidi. Winchi kubwa haibadilishi kina cha maji.

Kazi yenyewe ifanye trela likiwa tupu. Iache boti kwenye nanga, trela lirudi nchi kavu. Kabla ya kulegeza nati hata moja, piga alama ya chaki kila mahali bano linapogusa fremu, ili ukikosea ujue pa kurudi. Nati zilizoshikwa na kutu zimwagie dizeli jioni, uzifungue asubuhi; ukizilazimisha siku hiyo hiyo utakata bolti. Kisha shusha mabano yanayobeba mbao za kulalia, kulia na kushoto kwa kipimo kilekile, ukipima kwa tepu kutoka kwenye fremu. Jicho linadanganya, hasa trela likiwa limesimama kwenye ardhi isiyo sawa.

Njia ya pili ya kuteremsha boti ni kuzipanua mbao. Boti yenye tumbo la umbo la V ikilazwa juu ya mbao zilizokaribiana hukaa juu. Ukizisogeza mbali, tumbo linazama katikati yake. Lakini usizipeleke popote tu. Ndani ya boti ya fiberi mna mihimili ya urefu inayopita toka omo hadi tezi, na mbao zinatakiwa kulala chini ya mihimili hiyo. Gonga tumbo kwa kifundo cha kidole ukisikiliza: panapoitika kwa sauti nzito na fupi ndipo penye mhimili. Panapolia kama debe, usipabebeshe uzito.

Utateremka hadi wapi? Acha angalau sentimita 4 kati ya mkuku na vyuma vinavyokatiza fremu, kwa sababu barabarani boti inaruka, na angalia mbavu zake zisiguse madigadi. Wapo wanaofunga tairi ndogo ili trela liwe chini zaidi. Mimi siwashauri. Tairi ndogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa mwendo uleule, beringi zinachemka, na kwenye barabara zetu kila shimo linakuwa kubwa zaidi.

Ukishashusha boti, omo nayo imeshuka, kwa hiyo nguzo ya winchi lazima iifuate. Mkanda wa winchi ukifika mwisho wa kuvuta uwe umenyooka na pete ya omo. Winchi ikiwa juu mno, inainua omo na kukandamiza tezi kwenye mbao, ndiyo maana unamwona mtu anatoka jasho kuvuta boti ambayo tayari nusu inaelea. Halafu isogeze nguzo hiyo mbele au nyuma mpaka omo inapogusa mpira wa kuzuia, tezi iwe imeishia sawasawa na mwisho wa mbao. Hapa nasisitiza, maana nimeona boti nzuri zikiharibika polepole hivi. Tezi ikining'inia nje ya mbao hata kwa shubiri moja, na mashine nzito ikiwa imefungwa hapo, tumbo la boti linapinda kuelekea chini mwezi baada ya mwezi. Siku ukiiendesha, omo inakandamizwa majini, mwendo unapungua, mafuta yanaongezeka, na mwenyewe analaumu propela.

Sasa uzito umehama. Boti ikisogea, ule mzigo unaokaa kwenye tufe la kuvutia nyuma ya gari unabadilika. Kwa trela la boti, mzigo huo ukiwa kati ya sehemu 5 na 10 kwa kila 100 za uzito wote, trela hutulia. Ukipungua mno, trela linayumba barabarani kama mkia wa samaki. Ukizidi, gari linakaa kitako na usukani unakuwa mwepesi. Weka mizani imara chini ya kikombe cha shingo, trela likiwa usawa, usome. Trela la kilo 1,200 likisoma kilo 84, hiyo ni 7 kwa 100, safi kabisa. Lisiposoma hivyo, legeza bolti za U zinazoshika ekseli, uisogeze. Isogeze kidogo kidogo: ikiwa kutoka kikombe hadi ekseli ni mita 4, kwa trela hilo sentimita 10 zinahamisha takriban kilo 30. Ekseli ikienda nyuma mzigo wa shingo unaongezeka, ikienda mbele unapungua. Mwishowe pima kutoka katikati ya kikombe hadi kila ncha ya ekseli. Vipimo viwili visipolingana, trela litatembea kiubavu na kula tairi.

Kuhusu rola, niliwahi kuzipenda kupita kiasi. Boti juu ya rola hushuka kwenye maji machache kuliko juu ya mbao, na ufukweni hilo ni faida kubwa. Ila rola hubeba uzito kwenye nukta chache, na boti ya fiberi ikikaa juu yake miezi kadhaa unaweza kuona vishimo. Siku hizi nafunga rola katikati chini ya mkuku na mbao pembeni. Na rola zina hatari yake. Nilipokuwa bado najifunza, nilifungua ndoano ya winchi tukiwa bado juu ya rampu, ili tuwahi. Gari liliposhika breki, boti iliendelea na safari yake peke yake ikatua kwenye zege kwa tezi. Ile sauti sijaisahau. Tangu siku hiyo ndoano inabaki kwenye pete mpaka tezi iwe majini.

Kupandisha boti ni kugumu kuliko kuishua, kwa sababu ya upepo. Wakati wa kusi boti nyepesi inasukumwa ubavu, inapita juu ya ubao mmoja na kulala upande. Dawa yake ni nguzo mbili za kuongozea nyuma ya trela: mabomba ya chuma yaliyovishwa bomba la plastiki, marefu kiasi cha kuonekana trela likiwa limezama, na kati ya kila nguzo na ubavu wa boti ibaki nafasi ya sentimita 3 hadi 5. Na usizamishe trela kupita kiasi. Watu hudhani maji mengi ndiyo wepesi, kumbe boti ikielea kabisa juu ya mbao haina kinachoielekeza, na ukitoa trela inakaa kokote. Theluthi mbili za mbao zikiwa zimelowa, mara nyingi panatosha. Siku utakayofanikiwa, toka ukachore mstari wa rangi kwenye madigadi pale maji yalipofika, na kila safari simama hapo.

Baharini kwetu kuna hesabu moja zaidi ambayo wenzetu wa Ziwa Victoria hawana. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kutoka ndiyo yanakimbia kuliko zote, karibu sentimita 75 kwa saa, na kwenye rampu yetu ile ya moja kwa kumi mstari wa maji unarudi mita 7 na nusu ndani ya saa hiyo. Mteja wangu alikuwa amefika katikati ya saa hizo. Manahodha wa majahazi wamekuwa wakilijua hili siku zote. Wanapandisha chombo maji yakiwa yamejaa, kwa kuwa saa moja kabla na moja baada ya kujaa maji karibu hayasogei.

Mwisho ni beringi. Ukitoka safari ndefu habu zina moto. Ukizitumbukiza majini papo hapo, hewa iliyo ndani inapoa ghafla, inasinyaa, na kunyonya maji ya chumvi kupitia oili sili. Pumzika kwanza, funga vitu, kagua mafuta, mpaka uweze kushika habu kwa kiganja bila kuiachia. Ukirudi nyumbani osha trela kwa maji baridi, pamoja na ndani ya fremu. Na kwa kuwa umegusa ekseli, simama baada ya kilomita 50 za kwanza, chukua spana, ukaze bolti za U zote upya.