Vita vya Viroboto na Kupe: Tuanzie Pale Mbwa Anapolala

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi leo sifichi. Mwaka jana, katika likizo ya Agosti, niliua watoto wawili wa mbwa wetu. Sikuwaua kwa rungu wala kwa jiwe. Niliwaua kwa dawa, tena nikidhani nawaponya.

Kwetu ni karibu na Kabati, hapa Kitui. Tuna mbwa jike aitwaye Malkia. Bila yeye nyani wangekuwa wametumaliza kitambo, maana hawaachi mahindi wala mbaazi. Malkia alizaa watoto watano katika banda kuukuu la mbuzi. Walipofika kama wiki nne, wakaanza kudhoofika. Nilipopanua manyoya yao nilipigwa na butwaa: viroboto walikuwa wakikimbia huku na huko kama watu siku ya soko. Mtu mmoja akaniambia ati dawa ni moja tu, mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili chafu ya gari. Nikawapaka wote, kichwani hadi mkiani. Kumbe mbwa hujilamba! Walilia na kulambana usiku kucha, na kulipopambazuka wawili walikuwa wamekufa. Baba hakunichapa. Aliniambia tu nichukue jembe nikachimbe shimo. Afadhali angenichapa.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuuliza. Nimemwuliza mwalimu wetu wa Bayolojia, na nimemwuliza susu wangu anayekaa Kathonzweni, Makueni. Haya ndiyo niliyojifunza.

Adui ni nani?

Kiroboto ni mdudu wa miguu sita, asiye na mabawa, lakini kwa kuruka hana mpinzani. Kupe ana miguu minane akishakomaa, naye ni jamaa ya buibui. Wote wawili kazi yao ni kunyonya damu.

Kosa letu kubwa ni kudhani kwamba adui yuko mwilini mwa mbwa peke yake. Kiroboto jike aweza kutaga mayai 40 au zaidi kwa siku moja. Mayai hayo hayashiki kwenye manyoya. Huanguka chini, hasa pale mbwa anapolala. Yakianguliwa hutoka mabuu madogo yanayokaa gizani ndani ya vumbi, yakila kinyesi kikavu cha viroboto wakubwa, ambacho ni damu tupu. Baadaye buu hujifunga ndani ya kifuko na kungoja, pengine hata miezi kadhaa. Akisikia joto na mtikisiko wa kiumbe anayepita, anatoka na kuruka. Ndiposa ukiingia nyumba iliyofungwa muda mrefu, viroboto hukurukia miguuni kama waliokuwa na miadi nawe. Wataalamu hukadiria kwamba katika kila viroboto 100, wale wakubwa tunaowaona ni kama 5 tu. Hao wengine wako chini, katika hali ya mayai, mabuu na vifuko.

Kupe wa mbwa naye ni vivyo hivyo. Jike akishashiba hudondoka, hupanda ukutani, hujificha katika ufa na kutaga mayai maelfu, kisha hufa. Kwa hivyo ukimpaka mbwa dawa na kuacha banda lilivyo, umefanya kazi ya kuteka maji kwa pakacha.

Hasara yao si mwasho tu. Viroboto wengi waweza kumaliza damu ya mtoto wa mbwa mpaka akafa. Ukifunua mdomo wake na kuona ufizi umekuwa mweupe, jua hali ni mbaya. Kiroboto pia hubeba minyoo bapa, ambayo mbwa huipata akimmeza mdudu huyo anapojikuna kwa meno. Kupe naye huleta magonjwa ya damu yanayompa mbwa homa, akakonda na hata kufa.

Mafunzo ya susu

Nilipomweleza susu kisa changu, hakucheka. Alisema, "Mwanangu, wewe ulipigana na nyuki ukauacha mzinga." Kisha akanionyesha hatua hizi, ambazo nimezifanya mwenyewe.

Kwanza, safisha malalo. Toa magunia yote, yachemshe na kuyaanika kwenye jua kali, na hilo jua Ukambani tunalo la kutosha. Fagia banda mpaka pembeni, choma takataka, mwagia nyufa maji yanayochemka, kisha uzikandike kwa udongo. Rudia kila wiki kwa muda wa miezi miwili hivi, kwa sababu ya wale waliomo vifukoni.

Pili, mwogeshe mbwa kwa maji vuguvugu na sabuni isiyo kali. Anza na shingo, umzungushie povu kama mkufu, la sivyo viroboto watakimbilia masikioni na machoni. Halafu mchane kwa kitana chenye meno yaliyokaribiana. Ukiona punje nyeusi, ziweke juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Zikitoa rangi nyekundu, hizo ni kinyesi cha viroboto.

Tatu, kupe watolewe kwa mkono. Tazama masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Mshike kupe karibu kabisa na ngozi kwa kikoleo kidogo, umvute taratibu bila kumpinda. Usimchome kwa kiberiti wala usimpasue kwa kucha. Mtumbukize katika maji mazito ya sabuni, kisha unawe mikono.

Nne, tumia mwarobaini. Susu hutwanga majani, huyaloweka usiku kucha, huyachuja na kumsuuza mbwa kwa maji yake. Mwalimu alinieleza kwamba ndani ya mti huu, hasa katika mbegu, mna kitu kinachowazuia wadudu kula na kukua vizuri. Hauui papo hapo, na ndiyo maana hauwezi kuchukua nafasi ya ufagio. Sisi Wakamba tunao pia mukau, ndugu wa mwarobaini, ambao asili yake ni nchi hizi zetu kavu. Wazee walitumia majani yake kufukuza viroboto na kupe kwa mbuzi. Siku hizi mukau hupandwa sana kwa mbao, na KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, ina kituo chake papa hapa Kitui. Ila chungeni: dawa hizi ni za nje. Mbwa asinyweshwe, na matunda ya miti ya jamii hii asilishwe.

Tano, msiwafukuze kuku. Watafiti wa ICIPE, kile kituo cha wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970, walichunguza wakaona kwamba kuku hula kupe. Susu alilijua hilo bila maabara!

Mambo ya kuepuka

Si kila kitu cha asili ni salama. Tumbaku ni mmea, lakini sumu yake huua mbwa. Kitunguu saumu nacho kinaharibu damu yake. Mafuta ya taa na oili chafu nimekwisha kuyasema. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isitumiwe kwa kukisia; mbwa si ndama. Na mbwa akiwa dhaifu, asiyekula, mwenye ufizi mweupe, majani hayatamwokoa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, naye atakupa dawa inayolingana na uzito wake.

Wale watoto watatu waliobaki walipona. Wawili tuliwapa majirani, na kila mmoja aliyechukua nilimweleza kwanza habari ya kufagia malalo. Wa tatu, Popi, hunisindikiza kila asubuhi hadi barabarani nikija shule. Nikimwangalia humkumbuka yule jembe na lile shimo nyuma ya banda. Nimeandika haya ili mwenzangu asije akachimba lake.