Vuli ya Mukurweini: Kahawa, Baridi na Watoto Wadogo

Tukitaja vuli sisi watu wa mwambao, akilini hutujia zile mvua fupi zinazotangulia kaskazi: mawingu hupanda alasiri, mvua hunyesha, na kabla ya isha joto limekwisharudi mahali pake. Huko Ulaya jina hilo hilo hupewa majira ya majani kupukutika, mchana ukafupika na usiku ukarefuka. Ama katika milima ya Nyeri, vuli si hii wala si ile. Mstari wa Ikweta wapita Nanyuki, mwendo mfupi upande wa kaskazini, kwa hiyo usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima, na mashamba hayakauki majani. Hata hivyo, tangu Oktoba hadi Disemba maisha ya kila nyumba hubadilika. Ni wakati wa mvua, wa ukungu wa asubuhi, wa kuchuma kahawa, na wa shule kufungwa.

Wiki hii tumeona vema tuwapeleke wasomaji wetu Mukurweini, na si kwa ajili ya matembezi tu. Kila mwaka shule zifungapo, watoto wengi waishio Mombasa, Malindi na Kwale hupandishwa magari kwenda kwa babu na bibi zao huko bara. Baadhi yao ni wa majirani zetu, na baadhi ni wa nyumba zetu wenyewe, maana ndoa imewaunganisha watu wa mwambao na watu wa milimani tangu zamani. Wengi katika watoto hao hawajapata kuonja baridi tangu kuzaliwa.

Mukurweini imo katika kaunti ya Nyeri, jirani na Othaya alikozaliwa hayati Rais Mwai Kibaki mwaka 1931. Jina lenyewe lina maana ya mahali penye mukurwe, nao ni mti wa jamii ya mkenge. Sikio la Mswahili halitakosa kutambua kwamba ile "ini" ya mwisho ni ndugu wa "ni" yetu tusemapo shambani au mtoni. Undugu huo waonekana pia katika majira. Wazee wa Kikuyu huita masika mvua ya njahi, yaani zile fiwi nyeusi wanazopikiwa wanawake waliojifungua. Vuli huiita mvua ya mwere, na mwere si kitu kingine ila huu uwele tuujuao sisi.

Nchi yao ni ya migongo na mabonde. Nyumba hukaa juu mgongoni, mto hupita chini bondeni, na kati yake yamo mashamba madogo: mibuni, migomba, miparachichi, mimakadamia, viazi vitamu, na majimbi kando ya maji. Aghalabu nyumbani pana ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa wanaolishwa bandani. Udongo ni mwekundu, na mvua ikishanyesha hushika viatu kama unga uliokandwa. Mtoto wa huko hujifunza mapema kutelemka mteremko ubavu kwa ubavu; wa pwani hujifunza baada ya kuanguka mara mbili tatu.

Siku huanza gizani. Ng'ombe hukamuliwa kabla ya alfajiri kupambazuka, na maziwa hupelekwa kwenye kituo cha kukusanyia, yachukuliwe na magari ya kiwanda. Wenyeji wana kampuni yao ya maziwa, Wakulima Dairy, iliyoanzishwa na wakulima wadogo wadogo wa hapo hapo. Hapa lipo jambo la kwanza la kuzingatia katika malezi. Lita iliyopimwa kituoni ni fedha ya nyumba, na kikombe kilichobaki jikoni ni mwili wa mtoto. Nyumba yenye busara hutoa kikombe cha mtoto kwanza, ndipo chombo kikapimwa. Nyumba iliyozongwa na madeni huuza yote, na mtoto akapewa chai ya rangi pembeni mwa ng'ombe wake mwenyewe. Sisi hatuna ng'ombe, lakini twavua samaki. Kila msomaji na apime mwenyewe jinsi samaki mzuri anavyogawanywa baina ya soko na sahani ya mwanawe.

Kisha ni kahawa. Katika zama za ukoloni Waafrika wa sehemu hizi walizuiwa kwa miaka mingi kuilima, na mlango haukufunguka kwa upana ila baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Ndiyo maana mzee wa leo huuonyesha mbuni kama mtu aonyeshaye urithi. Tunda lake haliivi kwa siku moja. Katika tawi moja mna jekundu, la manjano na la kijani, na linalotakiwa ni jekundu tu. Basi mchumaji hurudia mti ule ule mara nyingi msimu mzima. Yaliyochumwa hayalali nyumbani: siku hiyo hiyo hupelekwa kiwandani kwa chama cha ushirika, yakamwagwa juu ya gunia, yakachambuliwa, yakapimwa, yakamenywa kwa mashine, yakavundikwa, yakaoshwa, kisha buni zikaanikwa juu ya vichanja hadi zikauke. Malipo makubwa hayaji wakati huo. Kahawa lazima ikobolewe, iuzwe mnadani Nairobi, na hesabu zifanywe. Fedha humfikia mkulima baada ya miezi, tena kwa kadiri soko lilivyopenda.

Kwa hiyo vuli ni majira ya kazi nyingi na mfuko mtupu. Wachumaji wa kukodi wataka ujira wao jioni, na karo ya Januari inakuja. Wakati huo huo watoto wako nyumbani, shule zimefungwa, na mikono midogo ina wepesi wa kufikia matawi ya chini. Hapo ndipo penye mtihani. Wapi kwaishia kumfundisha mtoto kazi, na wapi kwaanzia kumtumikisha?

Sheria imekwishasema. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na yamkinga na kazi ya hatari au ya kumnyonya. Lakini sheria haikai shambani kila asubuhi. Anayekaa ni mzazi. Kwa maoni yetu mambo manne yatosha kumwongoza. Kwanza, mzigo ulingane na mwili: mtoto wa miaka sita abebe kikopo, asibebe gunia. Pili, kazi isile usingizi wake, mchezo wake wala kitabu chake. Tatu, mkubwa awe karibu wa kuonekana na kusikika. Nne, na hili halina mjadala, mtoto asikaribie shamba siku linapopigwa dawa, wala chupa za dawa zisioshwe zikatiwa maji au maziwa. Mambo haya yafaa Mukurweini, na yafaa Pemba vilevile msimu wa karafuu, na kila mahali ambapo mavuno na likizo hukutana.

Tulimkuta bibi mmoja amekaa kando ya gunia akitenga matunda mekundu na mabichi, na mjukuu wake wa miaka mitano akitenga fungu lake dogo kando, akichanganya zaidi kuliko kutenga. Tukamuuliza, "Mama, huyu anakusaidia au anakuchelewesha?"

Akacheka. "Ananichelewesha, mwalimu. Lakini nikimfukuza leo, kesho nitamwita kwa jina gani?"

Maneno hayo yatukumbusha habari ya mtoto mwingine wa Nyeri. Profesa Wangari Maathai alizaliwa Ihithe mwaka 1940, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel kwa juhudi zake za kupanda miti. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 2006, asimulia kwamba alipokuwa mdogo mama yake alimpa kipande kidogo cha ardhi ndani ya shamba lake, akipande apendavyo. Naye kwa shauku akawa akifukua mbegu ili atazame kama zimeota, hata mama yake akamwambia aziache, zitatoka zenyewe. Mama yule alikuwa na shughuli zake, na udongo ule ungeweza kutoa chakula cha nyumba. Akautoa kwa mwanawe, akijua kwamba mwaka ule sehemu hiyo huenda isivunwe sana. Mavuno yake dunia iliyaona baadaye. Wazazi wa leo, wa bara na wa pwani, hufanya kama yule mtoto: twamfukua mwana kila jioni tutazame kama ameota, twamlinganisha na mwenziwe wa jirani, na mzizi haupati nafasi ya kushika.

Tukirudi kwenye baridi, hapo pana hatari ya kweli. Usiku wa mvua nyumba hufungwa madirisha, na moto wa kuni au jiko la makaa ndio faraja ya wote. Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba moshi wa kupikia ndani ya nyumba karibu huzidisha maradufu uwezekano wa mtoto mdogo kupatwa na nimonia. Na makaa yasiyotoa moshi ni hatari kubwa zaidi, kwa sababu hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala na jiko chumbani, milango ikiwa imefungwa, huenda asiamke. Jiko na litolewe nje kabla ya kulala, hata kama bado linawaka vizuri. Bora blanketi ya ziada.

Mzazi au bibi ajue pia dalili ya kifua kinachohitaji daktari. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili. Aliye baina ya miezi miwili na mwaka mmoja, zikifika 50 au kuzidi. Aliye baina ya mwaka mmoja na mitano, zikifika 40 au kuzidi, apelekwe hospitali siku hiyo. Akiwa mbavu zinaingia ndani avutapo pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, asingojewe hata saa moja. Dawa ya kienyeji, asali na tangawizi visiwe sababu ya kuchelewa. Na mtoto asiyetimiza mwaka asipewe asali kabisa.

Wanaowapeleka watoto huko, basi, wasiwafungie nguo za sikukuu peke yake. Watie sweta mbili, soksi, kofia ya sufi na buti za mpira, na kadi ya kliniki isisahauliwe. Wamwambie mtoto kwamba mto wa bondeni si bahari aijuayo: hauna kupwa na kujaa kwa saa, huweza kufurika kwa mvua iliyonyesha mbali mlimani huku juu ya kichwa chake jua lawaka. Asiende peke yake kuteka wala kuchezea maji.

Jambo jingine ni adabu ya kupeleka. Tumekwishaona kwamba vuli humkuta bibi na kazi nyingi na fedha chache. Kumteremshia wajukuu watatu kwa wiki sita, mikono mitupu, kisha kupiga simu Jumapili kuuliza kama wanakula vizuri, si wema. Mchele, mafuta, sukari, sabuni na fedha kidogo ya dharura vitangulie au vifuatane na watoto. Na baba akipata siku mbili, aende mwenyewe. Watoto wadogo hukumbuka ni nani aliyewasili na tope viatuni.

Kwa wale ambao bibi wa huko si wa dini yetu, twasema kwa uwazi kwamba haki yake haipungui. Bibi Asmaa binti Abubakar alipomuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu mama yake ambaye hakuwa amesilimu, aliamrishwa aunge naye udugu. Mtoto afundishwe kusali kwake, na ajue chakula chake. Lakini afundishwe pia kumwamkia bibi wa kwanza asubuhi, kumchotea maji, na kutokunja uso mbele ya githeri kwa kuwa hakuizoea. Mambo hayo yaelezwe bibi mapema, kwa upole, na mzazi mwenyewe, yasiachwe kwa mtoto wa miaka saba kuyatetea mezani.

Jioni, kahawa ikishafika kiwandani, familia hukusanyika jikoni. Mahindi na maharage yachemka taratibu, na babu huanza: "Gwata ndai!" Huo ndio mlango wa vitendawili vya Kikuyu, kama kwetu tusemavyo "Kitendawili!" na wengine wakaitika "Tega!" Mtoto wa Mombasa huenda asifahamu nusu ya maneno. Usiku wa tatu hukisia, wa kumi hujibu, na wa ishirini hutega chake kwa Kiswahili, wote wakakuna vichwa. Hayo hayapatikani ikiwa kila mmoja ameinamia simu yake. Tungependa simu za nyumba zilazwe kwenye kikapu kimoja tangu magharibi hadi chakula kiishe, huko bara na huku kwetu.

Wasomaji wetu wenye watoto walio njiani msimu huu, kagueni mabegi yao usiku huu, na mpigieni bibi simu kumuuliza yeye anahitaji nini. Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, wa mwambao na wa milimani, na awape wazee wetu afya ya kuwaona wakikua. Amin.