Bamvua Kwanza, Hoteli Baadaye

Anayepanga kuzunguka miji ya maziwa na milima ya Kenya anaweza kuanza na ramani na hesabu ya petroli, na asikosee sana. Naivasha, Nakuru, Kisumu, kisha arudi kwa njia ya Eldoret na Nyahururu hadi Nanyuki kuutazama Mlima Kenya: vituo vimekaa pale pale kutwa kucha, na ziwa aliloliacha asubuhi atalikuta lilipo jioni. Ziwa Victoria, kwa ukubwa wake wote wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, halipwi wala halijai kiasi cha mtu kutambua kwa macho. Mlima una masharti makali zaidi, maana anayeutaka urefu ule wa mita 5,199 lazima aupe mwili siku za kuzoea hewa ya juu, na achague miezi mikavu. Lakini hata hayo hukadirika mapema. Taabu huanza msafiri huyo anapoteremka Pwani na mtindo ule ule wa kupanga: Kilifi siku moja, Watamu mbili, Malindi mbili, Marafa nusu siku, kisha nyumbani. Anafika kuogelea kwenye matumbawe saa ambayo maji yamejaa na hakuna kinachoonekana, anaingia mkono wa bahari wa Mida wakati mitumbwi imekaa juu ya tope, na anarudi bara akisema bahari ya Malindi ni chafu. Bahari haikumkosea. Ukanda huu wa Kilifi, Malindi na Magarini hupangwa kwa mwezi na upepo kwanza, na barabara hufuata.

Kinachowapoteza wengi ni ufupi wa njia. Kutoka Mombasa hadi Kilifi ni kilomita kama 60, hadi Malindi kama 120; ukivuka daraja la Sabaki kuingia Magarini, Mambrui iko umbali mdogo tu, na Marafa haizidi sana kilomita 40 kutoka Malindi mjini. Anayetoka Nairobi kwa treni ya SGR, inayobeba abiria tangu mwaka 2017, akishuka Miritini na kuvumilia foleni ya Mtwapa, anaona kwamba yaliyobaki ni matembezi ya jirani na kwamba mpangilio wowote utafaa. Kwa magurudumu ni kweli. Lakini katika Pwani hii maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kwa kadiri ya dakika 50 kuliko jana yake, na wakati wa bamvua tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Kina kama hicho kinatosha kubadili mahali pakawa pengine kabisa kati ya chakula cha asubuhi na cha mchana.

Wavuvi hawana haja ya kuambiwa hili, na kalenda yao imetundikwa katika nyumba nyingi za Pwani bila mgeni kujua kazi yake. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua, hupanda sana na kushuka sana. Siku ya saba au ya nane ya mwezi, na tena karibu na ya 22, ni maji mafu, yanayosogea kidogo tu. Kwa hiyo kalenda yoyote yenye tarehe za Kiislamu ni jedwali la maji lililo tayari. Anayetaka saa kamili anaweza kutafuta majedwali ya Halmashauri ya Bandari ya Kenya. Tena kuna jambo la manufaa zaidi, ambalo vitabu vya wageni aghalabu hulipita: katika Pwani ya Kenya siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi jioni. Siku za maji mafu saa hizo hugeuka, ila tofauti yenyewe huwa ndogo.

Chukua Watamu uone maana yake. Mbuga ya bahari ya Watamu na ile ya Malindi, zote mbili zilizotengwa mwaka 1968, huonekana vizuri maji yakiwa yamepungua, jua likiwa juu na samaki wakiwa karibu na kioo cha mwogeleaji. Mida, mkono wa bahari wenye mikoko nyuma ya Watamu, unataka kinyume chake: mtumbwi hupenya mikokoni maji yanapojaa. Ukiwa Watamu siku ya bamvua, asubuhi saa nne uko kwenye matumbawe (bila kuyakanyaga, tafadhali, maana bamvua huwashawishi watu kutembea juu ya viumbe hai), na saa kumi uko Mida kwenye mtumbwi, jua likielekea kutua. Siku mbili za namna hiyo zinazidi nne za kubahatisha. Ukifika wakati wa maji mafu, usilazimishe. Hapo ndipo zamu ya nchi kavu: magofu ya Gede, yaliyohifadhiwa tangu mwaka 1927, kuchimbuliwa na James Kirkman kuanzia 1948 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024, msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye sange wa kiuno cha dhahabu, na Magarini yote.

Na kwa kuwa kutoka bamvua hadi maji mafu ni kama juma moja, likizo ya siku saba karibu kila mara itakuwa na siku za bahari na siku za bara ndani yake. Swali pekee ni zipi zitangulie. Mwezi ukiandama Ijumaa, anza na Kilifi na Watamu, umalizie Magarini. Mwezi ukiwa umefika nusu, anza na Marafa na Mambrui, ushukie baharini mwishoni. Vituo ni vile vile na gharama ni ile ile, ila mpangilio umegeuzwa.

Upepo ni hesabu ya pili, na huu hupimwa kwa miezi. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi huanza pamoja na masika na kushika hadi Septemba, na kati yake kuna maleleji, bahari inapotulia. Watalii wa kigeni, Waitaliano wa Malindi wakiwa mbele, hufuata kaskazi, na ndiyo sababu Januari bei za vyumba hupanda. Hata hivyo kaskazi ina kasoro ambayo haisemwi katika matangazo. Mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Athi na kisha Galana, hukusanya maji ya nyanda za karibu na Nairobi na Ukambani, na mvua za vuli zikiwa nyingi huko, udongo mwekundu wa mashamba ya Machakos humwagika baharini kaskazini kidogo mwa Malindi. Wakati wa kusi tope hilo husukumwa upande wa Magarini. Kaskazi ikianza, husukumwa kusini, moja kwa moja kwenye ghuba ya Malindi. Anayefika Malindi katikati ya Desemba baada ya vuli nzito na kukuta maji ya rangi ya chai ya maziwa anatazama mvua iliyonyesha mamia ya kilomita kutoka hapo. Dawa yake si kuvunja safari, ni kusogeza siku za kuogelea hadi Watamu, na kuiacha Malindi iwe mji wa kutembelewa kwa miguu: nguzo ya Vasco da Gama, aliyetia nanga hapa mwaka 1498, misikiti na soko.

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito, ni kwamba mwajiriwa na mzazi hawachagui miezi. Shule zinafungwa Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Likizo ya kazini hutoka bosi akipenda. Nakubali, lakini hilo linazuia mambo machache kuliko linavyoonekana. Mwezi wa mwaka unaweza kuwa umefungwa. Siku ndani yake mara nyingi hazijafungwa, na bamvua huja mara mbili kila mwezi, kwa hiyo kusogeza safari siku nne kunaweza kutosha. Isitoshe kila msimu una chake. Agosti bahari ya nje imechafuka kwa kusi, na wanaouza likizo huuita mwezi wa wasiwasi. Lakini kuanzia Julai hadi Septemba nyangumi hupita mbele ya Watamu wakitoka bahari za kusini, na hewa ya Magarini ni ya kutembea bila kuungua. Ni Agosti pia ambapo safari ya mlimani na ya Pwani zinaweza kuunganishwa, kwa kuwa Mlima Kenya una ukavu wake wa pili wakati huo. Wa kwanza ni Januari na Februari. Kuanzia vuli hadi Machi, ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia hujaa kwenye tope la Mida na mdomo wa Sabaki maji yakipwa. Aprili pekee ndiyo ngumu kweli. Masika yakishika, njia za udongo za Magarini, za kuelekea Adu na Garashi, hugeuka utelezi, na mwenye gari dogo afadhali abaki kwenye lami.

Wengine watasema haya yote ni kazi ya nahodha: ukifika, muulize. Nahodha anajua kuliko makala yoyote, hilo halina ubishi. Lakini unamuuliza ukiwa umeshalipia chumba na tikiti ya kurudi, na yeye ana watoto wa kulisha leo. Atakupeleka. Atakuonyesha palipo bora kwa saa ile, na hutajua ulichokosa. Mpigie simu wiki mbili kabla ya kulipa chochote, umpe tarehe zako na umwachie azipange. Hapo ujuzi wake unakufaa na wala hajapoteza mteja.

Pingamizi la tatu ni la kimyakimya, nalo linaonekana katika ratiba zenyewe: Magarini hupewa nusu siku, mgeni anapelekwa Marafa, anapiga picha, anarudi kulala Malindi. Hoja ni kwamba hakuna zaidi. Hii ni hoja ya mtu asiyevuka Sabaki mara mbili. Korongo la Marafa, ambalo Wagiriama huliita Nyari, limechongwa na mvua katika mchanga mgumu wa tabaka nyeupe, waridi na nyekundu, na saa sita mchana rangi zote huonekana zimefifia; ni saa kumi na moja jioni ndipo linapostahili nauli. Basi mgeni wa nusu siku hulikuta katika saa yake mbaya, kwa sababu dereva anataka kurudi mapema. Akilala upande huu, kesho yake ana Mambrui, mji wa kale wenye kaburi la nguzo lililopambwa kwa vyombo vya Kichina, ambako mwaka 2010 wachimbaji wa Kichina na Wakenya walipata sarafu ya enzi ya Yongle, mfalme aliyepelekewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415. Mwezi wa Ramadhani ajue tu kwamba chakula cha mchana mjini humo si cha kutegemea.

Mbele yake kuna Gongoni na Marereni, mabwawa ya chumvi yanayong'aa kando ya barabara, ambako maji ya bahari huachwa yakaukie juani. Kazi hushamiri Januari hadi Machi kwa sababu mvua ni adui yake. Ni viwanda vya watu binafsi, huingii bila ruhusa, na si mandhari tupu: malalamiko ya wakazi kuhusu ardhi yaliifikisha Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu Magarini kufanya uchunguzi wa hadhara, na ripoti ikatoka mwaka 2006. Kisha Ngomeni, kijiji cha wavuvi kinachotazama majukwaa ya chuma ya Waitaliano baharini, San Marco, yaliyorusha setilaiti tangu 1967 hadi 1988, ikiwemo ile iliyopewa jina la Uhuru kwa kuwa iliruka tarehe 12 Desemba 1970. Ndani zaidi, Bungale, kuna kaburi la Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 Waingereza walimhamishia Kisii, nyanda za juu za upande wa ziwa, naye akatoroka na kurudi kwa miguu hadi kwao. Jirani yake ni pori la Dakatcha, ambako mwaka 2013 watafiti walipata viota vya kwera wa Clarke, ndege asiyepatikana popote nje ya kaunti hii. Siku mbili zinajaa bila kulazimishwa, na zote mbili ni za maji mafu, hazidai lolote kutoka baharini.

Ila Magarini haina hoteli nyingi za kuchagua, na anayetaka kulala Marafa atapata vyumba vya kawaida, aulize maji na umeme mapema. Mwenye watoto wadogo anaweza kulala Mambrui, aende Marafa baada ya adhuhuri na kurudi usiku kwa barabara fupi. Anayetaka kuendelea hadi Lamu apange kwa kufikiri zaidi: mwishoni mwa mwaka 2023 mvua za El Niño ziliikata barabara ya Garsen hadi Lamu, na mabasi yakakwama. Safari ya Novemba au Desemba inayofika huko iiweke Lamu mwanzoni, kabla ya Magarini na Malindi, ili ikitokea mafuriko siku zitakazopotea zilipwe na vituo vya karibu na nyumbani, na kama njia imefungika tangu asubuhi ya kwanza, aishie Ngomeni na asiwe amelipia chumba asichoweza kukifikia.