Vimeng'enya vikataji: ununue kipi, na bei yake halisi ni ipi?

"Mwalimu, hii HindIII si ndiyo aina ya tatu?" Mwanafunzi aliyeniuliza hivyo alikuwa ameshika orodha ya manunuzi ya maabara, na ameshaandika ATP kando ya jina hilo, kwa kuwa alisoma kwamba vimeng'enya vikataji vya aina ya tatu havifanyi kazi bila ATP. Alichosoma ni kweli. Kilichompoteza ni jina. Tarakimu ya Kirumi mwishoni ni namba ya kimeng'enya ndani ya bakteria kilikotoka: HindIII ni cha tatu kutoka Haemophilus influenzae, ukoo d, na EcoRI ni cha kwanza kutoka E. coli, ukoo RY13. Vyote viwili ni vya aina ya pili. Tuliifuta ATP, na dola kadhaa zikabaki mfukoni.

Anayenunua vitendanishi hana budi kuzijua aina nne za vimeng'enya hivi, kwa sababu aina ndiyo inayokuambia kichupa kitataka kulishwa nini na kama mkato utatua pale unapoutaka. Kwa bakteria mwenyewe, vimeng'enya hivi vinavyokata DNA ni silaha dhidi ya virusi. Ana mkasi na ana muhuri. DNA yake huigonga muhuri wa methili. DNA ngeni iliyoingia bila muhuri hukatwa. Werner Arber na Daisy Dussoix walilieleza jambo hilo mwaka 1962. Mwaka 1970 Hamilton Smith na Kent Wilcox walitenga kimeng'enya kinachokata mahali pamoja pasipobadilika, na mwaka uliofuata Kathleen Danna na Daniel Nathans wakakitumia kuikata DNA ya kirusi SV40 vipande 11. Arber, Smith na Nathans walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Aina ya kwanza usiinunue. EcoKI, kwa mfano, ni mtambo wa vipande vitano: viwili vya kukata, viwili vya kugonga muhuri, na kimoja cha kusoma. Mtambo huo unataka magnesiamu, ATP na SAM, ambayo ndiyo inayotoa methili. Ukishasoma eneo lake, unaivuta DNA kuelekea kwake huku ukila ATP, kisha unakata mahali pasipotabirika, mara nyingi zaidi ya herufi 1,000 za DNA kutoka pale uliposoma. Ni sawa na fundi anayeisoma anwani yako vizuri, halafu akaenda kubomoa ukuta mtaa wa tatu. Na akishabomoa mmoja harudi kazini: kila mtambo hukata mara moja tu. Kwa utafiti wa bakteria una utamu wake. Kwa mtu anayetaka vipande vyenye urefu unaojulikana, ni hasara hata ukipewa bure.

Karibu kila kichupa kinachouzwa ni cha aina ya pili, na hapa ndipo penye bei za kulinganisha. EcoRI husoma GAATTC na kukata humohumo, kwa magnesiamu tu, bila ATP. BamHI na HindIII ni hivyohivyo. Katika katalogi ya New England Biolabs ya Marekani, kifurushi kidogo cha kila kimoja kati ya hivi vitatu kina yuniti 10,000. Kifurushi kidogo cha NotI, kinachosoma herufi nane, GCGGCCGC, kina yuniti 500. Vyote ni vya makumi ya dola, kwa hiyo ukitazama bei ya kichupa peke yake utadhani ni mamoja. Chukua yuniti 10 kwa kila jaribio: EcoRI inakupa majaribio 1,000, NotI inakupa 50. Kwa nini basi mtu anunue NotI? Kwa sababu, kwa hesabu ya kubahatisha, herufi sita hujirudia kila baada ya herufi 4,096, na nane kila baada ya 65,536. Ukitaka vipande vikubwa, utalipia uhaba huo.

Hata hayo majaribio 1,000 ni ya kwenye karatasi. EcoRI huja ikiwa na yuniti 20 kwa kila mikrolita, na wengi wetu hatuziamini pipeti zetu chini ya mikrolita 1. Basi kila jaribio linameza yuniti 20, na 1,000 inakuwa 500. Tena yuniti moja ni kiasi kinachokata mikrogramu 1 ya DNA ya faji lambda kwa saa moja. Lambda ina jozi za herufi 48,502 na maeneo matano ya EcoRI. Plasmidi ya herufi 3,000 yenye eneo moja ina maeneo mara tatu hivi zaidi ndani ya mikrogramu hiyohiyo. Ukipima kwa kijiko cha lambda, utakata nusunusu kisha umlaumu muuzaji. Wala usijaribu kufidia kwa kumimina: vimeng'enya huhifadhiwa kwenye gliseroli asilimia 50, na gliseroli ikizidi asilimia 5 ndani ya jaribio, baadhi huanza kukata mahali visipotumwa.

Kuna ulinganisho mmoja ambao ningependa kila mnunuzi aufanye kabla ya kusaini. MboI, Sau3AI na DpnI vyote husoma GATC. Lakini E. coli nyingi za maabara hugonga muhuri kwenye A ya herufi hizo. MboI ikikuta muhuri haikati. Sau3AI haijali. DpnI hukata penye muhuri tu, ndiyo maana hutumika kufuta DNA ya kiolezo baada ya PCR na kuacha nakala mpya. Herufi zilezile, kazi tatu tofauti. Mimi mwenyewe nilipoteza wiki mbili na XbaI, ambayo huzuiwa na muhuri huohuo pale eneo lake linapopakana na GA au TC. Nilibadili bafa, nikabadili kichupa. Kumbe ilitakiwa kubadili bakteria: plasmidi iliyokuzwa kwenye ukoo usio na muhuri huo ilikatika siku hiyohiyo.

BsaI ni ya kundi dogo ndani ya aina ya pili linalokata pembeni: husoma GGTCTC na kukata nje ya herufi hizo. Yuniti 1,000 kwa kifurushi kidogo, si rahisi. Lakini kwa kuwa ncha zinazobaki unazichagua mwenyewe, unaweza kukata na kuunganisha vipande kadhaa ndani ya kichupa kimoja. Ukihesabu siku za kazi zinazookolewa, mara nyingi ndiyo nafuu kuliko EcoRI.

Aina ya tatu, kama EcoP15I, husoma CAGCAG na kukata herufi 25 hadi 27 mbele. Inataka ATP, inataka maeneo mawili yanayotazamana kinyume, na mara nyingi haimalizi kazi. Nunua ukiwa unavihitaji vipande vifupi vya urefu huo, basi. Aina ya nne huvamia DNA yenye muhuri. McrBC hutumia GTP badala ya ATP, na inafaa kwa kuchunguza methili.

Baada ya kichupa kuna safari. Gharama ya kuleta boksi lenye barafu hadi Afrika Mashariki ni karibu sawa kwa kichupa kimoja au kumi, kwa hiyo agizeni pamoja na maabara jirani. Na njiani kuna ucheleweshaji: boksi letu moja lililala uwanja wa ndege kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Friza nayo isiwe ile inayojiyeyushia barafu yenyewe, maana hupasha vichupa joto kila mara.

Orodha ya mwanafunzi wangu iliishia kuwa HindIII, BsaI, DpnI na lambda kidogo. Lambda ni ya kupimia mzigo ukifika: HindIII huikata vipande vinane, kikubwa cha herufi 23,130. Mikanda ikionekana safi kwenye jeli, boksi lilisafiri salama, na DNA hiyo iliyokatwa tunaitumia kama kipimo cha urefu miezi yote inayofuata.