Bawabu wa ukumbi wa dansi apime nini: vazi au maumbile?

Je, mwenye ukumbi wa dansi anayo haki ya kumrudisha mtu mlangoni kwa sababu tu hakupendezwa na sura yake? Swali hili huzungumzwa kwa mzaha katika vijiwe vya vijana, lakini lina uzito wake katika familia nyingi za mijini, kwani anayerudishwa ni mtoto wa mtu, tena usiku, na pengine mbali na kwao.

Kwanza tuyaondoe yale yasiyo na ubishi. Mlevi anayepepesuka, mwenye kisu mfukoni, mtoto ambaye hajatimiza miaka 18: hao bawabu akiwazuia anatimiza wajibu wake. Ubishi unaanza pale bawabu, au baunsa kama vijana wanavyomwita, anapomtazama mtu mzima aliye timamu, mwenye kiingilio mkononi, akampima toka utosini hadi unyayoni, kisha akamwambia, "Wewe, hapana."

Mtindo huu ulipata sifa kubwa mjini New York. Mwezi Aprili 1977 Steve Rubell na Ian Schrager walifungua ukumbi ulioitwa Studio 54, na Rubell mwenyewe akawa anasimama mlangoni akiuchagua umati kama mama anavyochagua nyanya sokoni. Usiku wa kuamkia mwaka 1978 walirudishwa pale wanamuziki wawili weusi wa bendi ya Chic, Nile Rodgers na Bernard Edwards, waliokuwa wamealikwa na mwimbaji Grace Jones, na ilhali muziki wao ulikuwa ukichezwa humo humo ndani. Walikwenda nyumbani wakapiga magitaa kwa hasira, na matusi waliyomtolea bawabu yakageuzwa kuwa wimbo "Le Freak", ambao mwaka 1978 ulishika nafasi ya kwanza nchini Marekani. Ama Rubell na Schrager, waliokuwa hodari wa kukagua mashati ya wenzao, nao walikaguliwa vitabu vya hesabu, na mwaka 1980 wakaingia gerezani kwa kukwepa kodi.

Watetezi wa mtindo huo wanayo hoja, nayo isibezwe. Wanasema kwamba ukumbi si kituo cha basi; watu huja kutazamana na kufurahiana, na mwenye ukumbi huuza hiyo hali ya humo ndani kama vile anavyouza vinywaji. Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani ilikubaliana na hoja ya namna hiyo mwezi Mei 2021. Mwanamume aliyekuwa na umri wa miaka 44 alikuwa amezuiwa kuingia katika tamasha la muziki mjini Munich, lililokusudiwa vijana wa miaka 18 hadi 28, kwa kuwa alionekana mzee. Alidai fidia akashindwa, kwani mahakama iliona kwamba katika shughuli kama hiyo mchanganyiko wa wageni ndio unaoipa sura yake.

Lakini Wajerumani hao hao hawakumfungulia bawabu milango yote. Mwezi Desemba 2011 mahakama ya rufani ya Stuttgart iliamuru kijana mweusi aliyezuiwa kwenye disko mjini Reutlingen alipwe euro 900. Umri unaweza kuhojiwa mlangoni. Rangi ya ngozi, hapana. Huko Ufaransa, chama cha SOS Racisme kilikuwa na mbinu yake: kupeleka makundi ya vijana kwenye disko moja usiku mmoja, Wazungu, Waarabu na weusi, mavazi yao yakiwa sawa, ili kuona ni nani atakayeambiwa kuwa ukumbi umejaa. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Rufani ya nchi hiyo ilikubali mbinu hiyo iwe ushahidi.

Mbinu hiyo inatufunza jambo kubwa, yaani kwamba vazi mara nyingi ni kisingizio. Na maumbile hayana kikomo cha visingizio. Mwezi Septemba 2015 wanawake waliandamana nje ya ukumbi mmoja wa London baada ya wenzao kudai kwamba walikataliwa kwa sababu walikuwa weusi mno au wanene mno. Mtu atavua kandambili akavaa viatu. Unene na weusi atavivulia wapi?

Sisi wenyewe hatuna haki ya kujifanya wageni wa jambo hili. Enzi ya mkoloni, klabu za Wazungu katika miji yetu zilimruhusu Mwafrika kuingia akiwa amebeba sinia, si vinginevyo. Na baada ya Uhuru tulikuwa na mtihani wetu. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana kuanzia Januari 1, 1969. Nia iliyotajwa ilikuwa kuulinda utamaduni wa taifa. Hata hivyo, siku hiyo haijafika, makundi ya vijana wa kiume mjini Dar es Salaam yalikwisha kuwavamia wanawake barabarani na ndani ya mabasi, kila kijana akijiteua kuwa hakimu wa urefu wa sketi. Hayo ndiyo matokeo ya kumpa mtu mamlaka ya kupima mavazi bila ya kumpa kipimo.

Sheria za kwetu zasemaje? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 27, imeyataja mavazi waziwazi miongoni mwa mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo, na ikamkataza hata mtu binafsi kumbagua mwenzake. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, inataja rangi, kabila, dini, jinsia na hali ya maisha. Mavazi haikuyataja, na makatazo yake yanawalenga zaidi wenye mamlaka. Lakini hayo maneno "hali ya maisha" yafaa yatafakariwe na kila mwenye ukumbi anayetaka viatu vya bei fulani.

Kwa maoni yangu, mwenye ukumbi aachiwe kuweka sharti la mavazi. Asiyetaka kaptura na kandambili asilaumiwe, maana hata harusini tunachagua nguo. Ila sharti hilo liandikwe, libandikwe ukutani na mahali pa kukatia tiketi, tena liwe moja kwa mwenye gari na kwa aliyeshuka kwenye daladala. Bawabu atamke sababu ya kumkataa mtu. Hilo litamfaa hata yeye, kwani leo lawama zote humwangukia yeye, na tajiri yake amekaa ndani.

Liko pia suala la binti anayekataliwa saa sita ya usiku, wenzake wakiwa wamekwisha kuingia. Daladala zimepungua, nauli aliyobaki nayo haitoshi teksi, na bawabu anamwamuru aondoke mlangoni asizibe njia. Kumbi zinazojali zingempa mahali penye taa pa kusubiri, na mtu wa kuwaita wenzake aliokuja nao.