Mtoto Anayecheza Nje Anajenga Afya

Mwezi huu tungependa kuzungumzia jambo ambalo wazazi wengi hulidharau, nalo ni mchezo wa mtoto nje ya nyumba. Hatusemi juu ya michezo ya shuleni yenye mwalimu na filimbi. Tunasema juu ya mchezo anaouanzisha mtoto mwenyewe: kombolela, rede, mdako, kuruka kamba, kujipikilisha kwa makopo na majani, au kuchungulia siafu wanavyosafiri chini ya mwembe.

Siku hizi mtoto wa mjini akitoka shuleni huenda tuisheni. Akirudi hukaa mbele ya televisheni au simu ya mama. Mtoto wa kike naye hukabidhiwa vyombo vya kuosha na mdogo wake wa kubeba, huku kaka yake yuko uwanjani. Tunadhani anayecheza anapoteza wakati. Sivyo.

FAIDA ZAKE

Kwanza, mwili. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mtoto wa miaka 3 hadi 4 apate walau dakika 180 za kushughulisha mwili kila siku, na 60 kati ya hizo ziwe za kumfanya ahemee. Mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe kabisa mbele ya televisheni au simu. Wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku.

Pili, macho. Mtoto anayekaa nje mchana ana hatari ndogo zaidi ya kupata tatizo la kutoona mbali. Ndiyo maana huko Taiwan, tangu mwaka 2010, shule za msingi huhimizwa kuwatoa watoto nje dakika 120 kila siku. Jua pia huusaidia mwili kutengeneza vitamini D, inayoimarisha mifupa.

Tatu, akili na tabia. Watoto wakibishana kama mpira umeingia golini, hawana refa. Lazima wasikilizane, wakubaliane, au mchezo uvunjike. Hapo hujifunza kushindwa bila kununa na kushinda bila kudharau wenzao.

TAHADHARI

Hofu ya wazazi ina sababu, lakini dawa yake si kumfungia mtoto ndani. Tufanye haya:

1. Avae viatu. Minyoo ya safura hupenya ngozi ya miguu, kisha hufyonza damu tumboni.

2. Asiogelee kwenye madimbwi, mito au maziwa yenye kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi kwa dakika chache tu.

3. Tufunike visima na mashimo ya choo, na tuondoe chupa zilizovunjika.

4. Akijikata, jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni. Tuhakikishe amemaliza chanjo, ikiwamo ya pepopunda.

5. Tujue yuko wapi na yuko na nani. Giza likianza kuingia arudi nyumbani, anawe mikono kwa sabuni, na usiku alale ndani ya chandarua.

TUANZIE WAPI?

Kucheza ni haki. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, kinaitambua haki hiyo kwa kila mtoto, wa kiume na wa kike, mzima na mlemavu.

Familia za jumuiya moja zinaweza kupokezana zamu: leo mama huyu awatazame watoto, kesho baba yule. Pale palipobaki kiwanja cha wazi, tusiwe wepesi kukigawa chote kwa vibanda na maegesho. Na kazi za nyumbani zigawanywe sawa, ili binti naye apate saa yake ya kuruka kamba.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Leo jioni, kabla ya kuwasha televisheni, tumfungulie mtoto mlango.