Chifu wa Lanet na Habari Ziingiazo Majumbani Mwetu

Wengi wetu huku Pwani tuna watoto wasomao Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, au jamaa wafanyao biashara mjini Nakuru. Simu inapotuletea usiku neno kwamba huko kuna fujo, mama wa nyumba hapati usingizi, na gazeti la asubuhi lingali mbali. Je, tuamini lipi: blogu na ujumbe wa simu, au redio na gazeti? Nakuru yenyewe imetupa majibu mawili.

Jibu la kwanza latoka Lanet Umoja, kandokando ya mji huo. Chifu wa hapo, marehemu Francis Kariuki, alipata sifa hata ng'ambo mwaka 2012 kwa kutumia Twitter, ambayo ni namna ya blogu ya maneno machache, kuwaarifu raia zake. Hata mwenye simu ya kawaida aliweza kuupata ujumbe wake kwa SMS. Kondoo akipotea, chifu aliandika, na majirani wakamtafuta. Wezi walipoivamia nyumba ya mwalimu usiku wa manane, chifu aliandika, watu wakakusanyika, wezi wakatoka mbio. Gazeti la Nairobi halina nafasi ya kondoo wa Lanet. Na lau lingekuwa nayo, habari ingechapishwa kondoo ameshachinjwa.

Lakini tutazame kwa nini chifu yule aliaminiwa. Jina lake, cheo chake na makazi yake vilijulikana. Lau angewadanganya watu, angekutana nao barazani kesho yake. Alifariki mwaka 2015, na funzo hilo ametuachia.

Jibu la pili ni chungu. Mnamo Desemba 30, 2007, baada ya matokeo ya uchaguzi wa rais kutangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Katika kimya hicho, mwanasheria Ory Okolloh aliendelea kuandika katika blogu yake, Kenyan Pundit, akikusanya pia yale aliyoletewa na wasomaji. Humo alitoa wazo ambalo Januari 2008 lilizaa Ushahidi, tovuti iliyoonyesha katika ramani taarifa za ghasia zilizotumwa na wananchi wenyewe. Mwishoni mwa mwezi huo moto ulifika Nakuru na Naivasha. Watu waliuawa, na maelfu walikimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru.

Hata hivyo, simu hizohizo zilisambaza SMS za uchochezi. David Kobia, mmoja wa waasisi wa Ushahidi, alilazimika kulifunga baraza lake la mtandaoni, Mashada, kwa kuwa lilijaa chuki za kikabila. Wala vyombo vya kale havikusalimika: Tume ya Jaji Philip Waki ilielezwa na mashahidi jinsi baadhi ya redio za lugha za kienyeji zilivyochochea uhasama.

Basi kipimo si chombo, bali ni dhamana. Gazeti lina mhariri wa kuzuia neno lisilothibitishwa, lina anwani, na aliyedhulumiwa aweza kulishtaki mahakamani au kulilalamikia kwa Baraza la Vyombo vya Habari. Blogu ina wepesi na ukaribu, na huweza kusema pale wakubwa wanaponyamazishwa. Ila mara nyingi mwandishi wake ndiye mhariri wake, na asiyejitaja jina hana wa kumwuliza. Kila kimoja huziba pengo la mwenziwe.

Wazee wetu walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nakuru ilitufunza kwamba lisilokuwapo huweza kuja kwa sababu tu limesemwa. Sura ya Al-Hujurat nayo yatuagiza kuichunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Kwa hiyo, kabla ya kuusambaza ujumbe, tuulize: Nani kaandika? Je, alikuwapo? Je, kuna mwingine aliyeshuhudia kwa macho yake?

Na neno la fujo za Njoro likitufikia usiku, tumpigie kwanza mwanetu aliyeko huko. Jirani tumwambie baadaye, tukiwa na yakini.